UZI: Khachatur Abovian, shemasi aliyepanda Ararat, akaandika riwaya kwa lugha ya kijijini kwao, kisha akatoka nyumbani asubuhi moja na hajaonekana mpaka leo

Mpangaji_wa_Tatik

Wakuu salama? Uzi huu nimeuahirisha sana, kila nikianza naona sitautendea haki, leo nimesema liwalo na liwe naandika tu. Ni mrefu, weka chai pembeni.

Niliishi Yerevan, mji mkuu wa Armenia, miaka mitatu nikisoma. Nilipanga chumba kwa bibi mmoja mstaafu, sisi wapangaji wote tulikuwa tunamwita tatik, ndo bibi kwa Kiarmenia. Dirisha la jikoni kwake linatazama mlima Ararat uso kwa uso. Ndiyo, huo huo wa Mwanzo sura ya 8, safina ikatulia juu ya milima ya Ararati. Mimi tangu Sunday school najua ni jina la kwenye hadithi, sasa unaamka asubuhi unabandika maji ya chai unainua macho unaukuta umekaa pale, mweupe kichwani, mkubwa mpaka unajiona umesogelewa. Na hauko Armenia, uko ng'ambo upande wa Uturuki, mpaka umefungwa tangu 1993. Wenye mlima wao wanautazama kila siku kwa dirisha.

Siku moja nikamuuliza tatik, hivi kuna mtu wenu aliwahi kuupanda? Akaacha kukatakata mboga, akaniuliza we umekaa hapa mwaka mzima na Abovian humjui? Nikamwambia Abovian si barabara ile ya katikati ya mji? Maana ni kweli kuna barabara ya Abovyan, kuna mji jirani unaitwa Abovyan, na chuo kikuu cha ualimu kina jina lake, mimi jina hilo nilikuwa nalisoma kwenye basi kila siku bila kujua ni la nani. Bibi akapangusa mikono, akaenda chumbani, akarudi na kitabu kimechakaa jalada limeshikiliwa na gundi ya karatasi.

Huyo ndo nataka kuwasimulia.

Ngosha Msomaji

Nimeshaweka mkeka mkuu, shusha.

binti_Tumbatu

Mashallah, mambo ya vitabu humu yamekuwa adimu. Endelea kaka usitukatie njiani.

Mpangaji_wa_Tatik

Poa tuendelee.

Khachatur Abovian alizaliwa 1809 kijiji cha Kanaker, juu ya kilima pale Yerevan, siku hizi kijiji chenyewe kimeshamezwa na mji. Wakati ule Yerevan ilikuwa mikononi mwa Waajemi, mtawala wao alikuwa anaitwa Sardar na anakaa ndani ya ngome. Ngome hiyo muikumbuke, tutairudia. Mtoto akiwa na miaka 10 wazazi wakampeleka Echmiadzin, makao makuu ya Kanisa la Armenia, asomee upadri. Baadae akasoma Tiflis, ndo Tbilisi ya leo kule Georgia, shule ya Nersisian. Halafu vita, Urusi na Uajemi, 1826 mpaka 1828. Oktoba 1827 jenerali Paskevich akaiteka ngome ya Yerevan na nchi ikawa chini ya mfalme wa Urusi. Abovian alikuwa anaingia miaka 18, ameyapitia yote hayo.

Sasa 1829 anakuja profesa mmoja Friedrich Parrot, anatoka chuo kikuu cha Dorpat (ni Tartu, Estonia ya leo), anataka kupanda Ararat. Anapita Echmiadzin kuomba mkalimani. Wanampa shemasi kijana, anajua Kirusi, Kiajemi, Kituruki, na ana hamu ya kujua kila kitu mpaka anachosha watu.

Hapa muelewe kitu kimoja. Kwa Waarmenia wa wakati ule mlima ule haupandwi. Kulikuwa na simulizi ya mtawa Yakobo wa zamani aliyetaka kwenda kuiona safina, kila akipanda usingizi unamshika, akiamka anajikuta yupo pale pale alipoanzia jana. Mwisho malaika akamletea kipande cha ubao wa safina akamwambia tosheka na hiki, rudi. Miaka na miaka watu wamelala na simulizi hiyo, na mapadri wanaifundisha. Kwahiyo shemasi wa kanisa hilo hilo kukubali kwenda, jamani, hilo lilikuwa jambo zito kuliko ule mlima.

Walijaribu mara mbili wakashindwa, wakarudi kwenye nyumba ya watawa chini kwenye kijiji cha Arguri. Mara ya tatu, tarehe 9 Oktoba 1829 saa tisa na robo alasiri, wakafika kileleni. Zaidi ya mita 5,100 kule, barafu tupu. Na Abovian akafanya vitu viwili. Akachimba shimo kwenye barafu akasimamisha msalaba wa mbao. Halafu akabandua bonge la barafu la kileleni akalitia kwenye chupa, akashuka nalo, kwake yeye yale maji yalikuwa matakatifu.

Mimi hiyo chupa ndo iliyonishika. Kijana wa miaka 20 kasoro siku chache, amevunja mwiko wa kanisa lake, na kitu cha kwanza anachofikiria akiwa juu ni kuwachukulia wa chini maji ya baraka.

Mwl. Kengele

Mkuu swali, kila siku kwenye hizi habari za milima anatajwa profesa na mkalimani wake basi. Hao wengine waliobeba mizigo hawakuwa na majina?

Mpangaji_wa_Tatik

Mwalimu swali zuri sana. Walifika kileleni watu sita. Parrot, Abovian, wanajeshi wawili wa Kirusi Aleksei Zdorovenko na Matvei Chalpanov, na wanakijiji wawili wa Arguri, Hovhannes Aivazian na Murad Poghosian. Yote yanajulikana. Na kijiji chenyewe kilikuja kufukiwa 1840, tetemeko lilipiga mlima ukaporomoka, kijiji na nyumba ya watawa vyote vikaenda. Abovian alikuja kupanda tena 1845 na 1846 na wageni wengine, hiyo nyumba waliyolala mara ya kwanza haipo tena.

Na waliporudi 1829 wengi hawakuamini. Parrot alihangaika sana kuthibitisha kwamba walifika kweli.

Shemeji wa Kitale

Maze hii story imenishika. Lakini umesema ni mwandishi, hadi saa hii tunapanda mlima tu. Riwaya iko wapi?

Mpangaji_wa_Tatik

Inakuja shemeji, bila mlima huyo mwandishi asingekuwepo. Parrot alimpenda kijana, akamtafutia ufadhili, na 1830 Abovian akaenda Dorpat. Akakaa huko mpaka mwanzoni mwa 1836. Shemasi wa Kanaker akasoma falsafa, fasihi, historia, akajifunza Kijerumani vizuri kabisa, na lugha nyingine juu yake. Alikuwa na ndoto moja tu, arudi afungue shule watoto wa kwao wasome.

Akarudi. Milango ikafungwa. Kanisa lilimuona ameharibika, amekaa na Walutheri miaka yote hiyo, anakuja na mawazo yake mapya. Akaachana na njia ya upadri, akawa mwalimu na msimamizi wa shule ya wilaya ya serikali Tiflis kuanzia 1837. 1839 akamuoa Emilia Looze, Mjerumani, na hapo maneno yakazidi.

Na darasani alikutana na jambo lililomuuma kuliko hata mapadri. Wanafunzi wake Waarmenia vitabu vya Kijerumani, Kirusi, Kifaransa wanavipenda, cha Kiarmenia wanakisukuma pembeni. Kwanini? Kwa sababu Kiarmenia cha vitabuni kilikuwa grabar. Neno lenyewe maana yake ni ile iliyoandikwa. Hii ni lugha tangu Mesrop Mashtots alipotunga herufi zao mwaka 405, lugha tukufu kweli, ila mama jikoni haiongei, mchunga kondoo haijui, mtoto anaambiwa hii ndo lugha yako na haelewi sentensi. Zaidi ya miaka 1,400 imepita tangu herufi zipatikane na mtu wa kawaida bado hana kitabu cha kusoma akaelewa.

Akawa anapita sokoni anaona watu wamemzunguka ashugh, hawa ni waimbaji wa hadithi, wengine vipofu, wanapiga ala wanasimulia mapenzi na mashujaa. Watu wamesimama midomo wazi, hela zinatoka mfukoni zenyewe. Na mara nyingi nyimbo zenyewe ni za Kituruki, maana hicho Waarmenia sokoni walikielewa kuliko grabar! Yeye anatazama anajiuliza, hawa watu si wajinga, wana njaa ya maneno, sisi tunaoandika tumewapa nini?

Mwl. Kengele

Mkuu hapo umenigusa donda. Mimi shule niliyosoma ukikutwa unaongea lugha ya nyumbani ulikuwa unavalishwa kibao shingoni, unakaa nacho mpaka umkamate mwenzio umvalishe. Nilivaa nikiwa darasa la nne siku mbili mfululizo kwa sababu nilishindwa kumsaliti rafiki yangu. Mpaka leo nikisimulia kitu cha bibi yangu kwa lugha yake nahisi shingo inawasha. Endelea tafadhali.

Mpangaji_wa_Tatik

Pole sana mwalimu. Hilo la shingo kuwasha naamini Abovian angelielewa bila kuelezwa.

Sasa riwaya. Inaitwa Verk Hayastani, yaani Majeraha ya Armenia. Aliandika karibu 1840 na 1841. Kuna dibaji humo ambayo tatik alinisomea siku ile ile jikoni, na mimi nasema hata kama riwaya yote ingepotea ibaki hiyo dibaji ingetosha.

Anaanza na hadithi ya mfalme Croesus wa Lydia. Mfalme alikuwa na mtoto wa kiume bubu tangu utoto. Adui wakauvamia mji, askari akainua upanga amuue mfalme bila kumjua ni nani, na yule mtoto bubu ulimi ukafunguka palepale akapiga kelele, usimuue, huyo ni Croesus. Abovian anasema mimi ndo yule mtoto. Zaidi ya miaka 30 moyo unawaka, watu wangu wako chini ya upanga, na ulimi wangu umefungwa kwa sababu lugha niliyofundishwa kuandikia hawaielewi, na wanayoielewa naambiwa haiandikiki.

Halafu anasimulia siku ulimi ulipofunguka. Rafiki yake wa utotoni, daktari, alikuja kumtembelea. Baada ya hapo akakaa mezani akaandika hiyo lugha ya Kanaker kama inavyotoka mdomoni mwa watu. Usiku ukaingia hana habari. Hakukumbuka mkate hakukumbuka chai. Kiko ndo kilikuwa chakula chake, maandishi ndo mkate wake.

Tatik anasoma mimi nafuata kwa shida, Kiarmenia changu kilikuwa cha dukani. Ghafla nasikia sahat. Nikamsimamisha, tatik umesemaje? Sahat, saa hiyo, ni neno la zamani la vijijini, mjini siku hizi wanasema zham. Anaendelea, nasikia chay. Wakuu mimi nilisimama. Nikamwambia bibi hayo maneno ni ya kwetu, saa na chai, tunayatumia kila siku kwetu kwenye bahari ya Hindi. Bibi akacheka mpaka akavua miwani. Kumbe saa yetu na sahat yao zote zimetoka kwa Mwarabu, sisi imetufikia kwa majahazi wao imewafikia kwa Waajemi na Waturuki. Na ndo hayo hayo maneno wasomi walikuwa wanamwambia Abovian ni uchafu, lugha ya Kanaker ilijaa maneno ya Kituruki na Kiajemi, haifai kitabu. Yeye akayaacha yote humo, maana ndivyo watu walivyoongea.

binti_Tumbatu

Subhanallah, sahat! Sisi huku ukimsikia bibi anasema saa ya ukutani utadhani anamtaja ndugu. Nimelipenda hilo la kuyaacha maneno kama yalivyo. Sasa kisa chenyewe kinahusu nini?

Mpangaji_wa_Tatik

Kinaanza na maneno mawili tu kwa Kiarmenia, Barekendan er. Ilikuwa Barekendan. Hiyo ni sikukuu yao kabla ya kuingia Kwaresima, watu wanakula wanakunywa wanachezeana utani maana kesho mfungo. Kwahiyo riwaya ya majeraha inaanza na furaha, baridi nje, moshi, wanaume wa kijiji wamealikana, divai inamiminwa, na Abovian hana haraka kabisa, anakukalisha na wewe ule. Kurasa na kurasa. Anajua unachosubiri na bado anakukalisha.

Halafu wanafika watumishi wa Sardar, wanamtaka msichana mmoja anaitwa Takuhi wampeleke kwa bwana wao. Mama mtu analia, kijiji kimeganda. Kijana Aghasi anasikia ukelele anatoka na upanga anawaua. Kutoka hapo hana kwao tena, anakimbilia milimani na wenzake wachache, na wazee wanakamatwa akiwemo baba yake, wanatupwa kwenye ngome ya Yerevan. Riwaya yote ni Aghasi porini, vita, vijiji vinachomwa, anapita kwenye magofu ya Ani mji wa wafalme wao wa kale. Mpaka 1827 Warusi wanaingia, ngome inaanguka, Aghasi anakimbia ndani kumtoa baba yake, na anauawa mle mle ngomeni siku ya ushindi.

Katikati ya kisa mwandishi anasimama anaimba, anaomboleza, anaongea na mlima, anaongea na msomaji, anarudi kwenye kisa. Wahakiki wengine wanasema haina umbo. Mimi naona umbo lake ni la yule ashugh wa sokoni, anapiga ala kidogo, anasimulia, analia, anaanza tena. Alikuwa anaandikia watu ambao maisha yao yote hadithi ni kitu kinachoingia kwa sikio.

Ni riwaya ya kwanza ya Kiarmenia kwa lugha ya watu, hii ya upande wa mashariki ambayo ndo msingi wa Kiarmenia kinachoongewa Yerevan sasa. Yaani kile kitabu jikoni kwa tatik na magazeti ya mjini na matangazo kwenye basi, vyote vimepita mlango aliovunja huyu mtu.

Mzee wa Data

Mimi nitakuwa tofauti kidogo. Nimesoma sehemu kwamba huyu aliwasifu sana Warusi, mpaka akabariki saa ambayo mguu wa Mrusi ulikanyaga Armenia. Huoni kama alikuwa anabadilisha mkoloni kwa mkoloni? Na Waajemi kawachora kama mashetani.

Mpangaji_wa_Tatik

Mzee umesema kweli, sentensi hiyo ipo, na cha kushangaza ipo na neno lile lile sahat, ibarikiwe ile saa. Wakati wa Usovieti ilikuwa inanukuliwa sana, ilifaa siasa ya kipindi kile. Mimi sitamtetea kwa hilo. Ila weka miaka sawa, anaandika miaka 13 hivi baada ya kijiji chake kutoka kwenye mikono ya Sardar, hajui bado huyo Mrusi atakuwa bwana wa namna gani. Na alikuja kujua. Wakubwa wa serikali hiyo hiyo walimbana kazini, walikuwa wanataka karani mtiifu na yeye hakuwa hivyo.

Kuhusu Waajemi pia ni kweli, kuna kurasa za hasira na kuna maneno kuhusu dini yao ambayo binti Tumbatu akiyasoma yatamkera, na ana haki ya kukereka. Hiyo ni riwaya ya mtu mwenye jeraha, jina limesema. Lakini huyo huyo ndo alienda kukaa na Wakurdi na Wayazidi kwenye mahema yao akaandika maisha yao, nyimbo zao, ukarimu wao, ikachapwa kwenye gazeti la Kavkaz pale Tiflis 1848, na watafiti wa habari za Wakurdi mpaka leo wanamhesabu kati ya wa mwanzo. Yote ni mtu mmoja.

binti_Tumbatu

Ahsante kwa kusema wazi. Ningekereka zaidi ungenificha nikaja kuyakuta mwenyewe. Aliyeona msichana anaburutwa hawezi kuandika kwa upole, ila mimi namuombea msomaji wake ajue kwamba Sardar sio Waajemi wote.

Ngosha Msomaji

Kitabu kilipotoka wapinzani wake walisemaje?

Mpangaji_wa_Tatik

Ngosha hapo ndo penye maumivu. Hakikutoka. Yeye hajawahi kukiona kimechapwa.

1843 alihamia Yerevan kusimamia shule ya wilaya ya huko, kwao kabisa. Amerudi nyumbani na mke, watoto wawili wadogo, na mabunda ya miswada kwenye sanduku, riwaya, vitabu vya shule, mashairi, ngano. Wageni wa Ulaya wanaopita wanamtafuta, Baron von Haxthausen alifika Kanaker akaandika habari zake kwa heshima kubwa. Wakubwa wa kwao wanamtafuta kwa mashtaka.

Tarehe 2 Aprili 1848 kwa kalenda ya zamani ya Kirusi, yetu ni tarehe 14, alitoka nyumbani asubuhi mapema. Hakurudi. Mwili haukupatikana, kaburi hakuna, shahidi wa uhakika hakuna. Alikuwa na miaka 38.

Wengine wanasema maaskari wa siri wa mfalme walimchukua kwa gari la farasi jeusi wakampeleka Siberia. Wengine wanasema aliuawa na maadui aliowagusa kwenye maandishi. Wengine wanasema alijiua kwa kukata tamaa, na wengine wanakumbusha kwamba 1848 ni mwaka wa mapinduzi Ulaya nzima, huenda alienda kujiunga nao. Kila kizazi cha Waarmenia kinachagua chake. Tatik anaamini gari jeusi. Nilipomuuliza kwanini akasema baba yake mwenyewe aliondoka hivyo hivyo 1937, kwenye kamatakamata ya Stalin, kwahiyo yeye analijua gari hilo. Sikuuliza tena.

Mwandishi mwingine mkubwa wao, Aksel Bakunts, alianza riwaya juu ya maisha ya Abovian, ikabaki haijaisha, alikamatwa 1936 na 1937 akapigwa risasi. Hata sanamu ya Abovian, iliyotengenezwa Paris na Andreas Ter-Marukian, ilikwama huko Ufaransa kama miaka 20 ndo ikafika Yerevan miaka ya 1930. Sasa ipo Kanaker kwenye nyumba ya makumbusho yake. Nilienda na tatik Jumapili moja. Yeye alienda moja kwa moja kwenye sanamu akaishika mguu, akatoa kitambaa akaufuta vumbi kama anamfuta mtoto viatu, akaniambia twende chai.

Shemeji wa Kitale

Aisee. Sasa kitabu kiliokoka vipi?

Mpangaji_wa_Tatik

Mswada ulibaki. Kikachapwa Tiflis 1858, miaka 10 baada ya kupotea kwake. Na kile alichoambiwa hakiwezekani kikawezekana, waandishi waliofuata wakaacha grabar wakashika lugha ya watu. Mtu kama Raffi aliyekuja kuwa mwandishi wa riwaya anayesomwa kila nyumba aliingia kwenye njia iliyokuwa imeshafyekwa.

MamaWawili_Dar

Nimesoma uzi wote tangu asubuhi nikiwa kwenye daladala mpaka nimefika nyumbani. Mbona hakuna anayeuliza kuhusu Emilia? Mwanamke katoka Ulaya kamfuata mume nchi ya watu, lugha sio yake, kanisa la huko halimtaki, asubuhi moja mume anatoka harudi. Alifanyaje?

Mpangaji_wa_Tatik

Mama umeniumbua, ni kweli nimempita haraka na hakustahili.

Emilia alikaa karibu mwezi mzima ndo akatoa taarifa kwamba mume wake amepotea. Watu wameligeuza hilo kila upande, kwanini alinyamaza? Wapo waliomshuku.

MamaWawili_Dar

Wamshuku kwa lipi jamani. Mgeni kwenye mji wenye maaskari wa siri, mume ana maadui kanisani na serikalini, utakimbilia ofisi gani? Ofisi ile ile inayoweza kuwa ndo imemchukua? Mimi ningekaa pia. Ningekuwa kila jioni nasema labda kesho. Ukishaenda kuandikisha kwamba kapotea, ndo umekubali kapotea.

Mwl. Kengele

Mama hilo la mwisho nimelisoma mara tatu.

Mpangaji_wa_Tatik

Sikuwahi kulitazama hivyo, na tatik pia nitampelekea maneno yako, atakupenda.

Walikuwa na watoto wawili, Vardan na mdogo wake wa kike Zarmandukht. Vardan alizaliwa 1840, kipindi kile kile baba yake anaandika riwaya usiku hakumbuki kula. Asubuhi ile ya Aprili alikuwa na miaka kama 7 au 8, umri wa kuuliza baba anarudi saa ngapi. Na kitabu kilipotoka Tiflis 1858 alikuwa kijana wa miaka 18, anaweza kukishika akakisoma mwenyewe, na kimeandikwa kwa lugha ile ile ya Kanaker, kijiji cha baba yake.